Nailoni ya korosho inafanya kazi gani, na nani aipokee kazi hiyo?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, zao kubwa la Mtwara na Lindi linatoka shambani bila plastiki. Mkulima wa Tandahimba au Newala akifikisha korosho ghafi kwenye ghala la chama chake cha msingi, zinapimwa na kutiwa kwenye gunia la juti, na gunia hilo linakwenda nazo ghala kuu na mara nyingi mpaka melini. Sababu yake haihusiani na mazingira. Korosho yenye ganda bado inatoa jasho. Ukiifungia kwenye salfeti ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea na ukungu unaanza. Nyuzi za salfeti nazo hukatika zikajichanganya na mzigo, na mnunuzi hapendi kuzikuta humo. Gunia la juti linapitisha hewa, na kwa hatua ile hicho ndicho kinachotakiwa.

Chukua sasa korosho ileile baada ya kubanguliwa, kukaangwa na kutiwa chumvi. Kwenye vituo vya mabasi vya Nangurukuru, au pale njia panda ya Mnazi Mmoja mkoani Lindi, inakufuata dirishani mwa basi ikiwa ndani ya nailoni angavu, mdomo umebanwa kwa moto wa mshumaa. Gunia lililokuwa sahihi jana leo lingeiharibu. Kwa nini? Ukilijibu swali hilo vizuri, sehemu kubwa ya mjadala wa plastiki na chakula inafunguka, kwa sababu mjadala wenyewe umekwama pale watu wanapozungumzia plastiki kana kwamba ni uchafu tu uliotuangukia. Imeingia kwenye chakula chetu kwa sababu inafanya kazi, na anayetaka kuiondoa lazima aijue kazi hiyo kwanza.

Ukuta dhidi ya nini?

Korosho iliyobanguliwa ina mafuta karibu asilimia 45 ya uzito wake, na unyevu wake unatakiwa usizidi kama asilimia 5. Namba hizo mbili ndizo zinazoitesa. Hewa ya pwani ya kusini imejaa maji, hasa kuanzia mvua za Novemba na Desemba, na korosho kavu iliyoachwa wazi inayavuta: inalegea, haisikiki tena mdomoni. Adui wa pili ni oksijeni. Inashambulia mafuta polepole mpaka korosho inanuka kama mafuta ya kupikia yaliyorudiwa mara nyingi. Mwanga na joto vinaiharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo kifungashio cha korosho kinatakiwa kuwa ukuta dhidi ya vitu viwili tofauti, mvuke wa maji na oksijeni, na karibu kila malighafi inaweza kimoja ikashindwa kingine.

Karatasi tupu inashindwa vyote viwili. Nailoni ya kawaida, yaani polietilini, inazuia mvuke vizuri sana lakini oksijeni inapenya. Ndiyo maana korosho ya dirishani inabaki kavu na kulia kwa wiki kadhaa, kisha ladha inaharibika ingali kavu. Tando zinazotengenezwa kwa wanga wa mihogo au kwa mwani zina tabia iliyo kinyume kabisa: zikiwa kavu zinazuia oksijeni na mafuta vizuri mno, lakini zinanyonya maji, na zikishanyonya zinalegea na ukuta unapotea. Kioo na bati vinazuia vyote, ila ni vizito, na kioo kinavunjika.

Hapo utaona kwa nini viwanda viliamua kubandika tabaka juu ya tabaka. Ile pakiti inayong'aa ndani, ya krispi au ya kahawa, ni plastiki ya kubeba maandishi, alumini nyembamba ya kuzuia oksijeni na mwanga, na polietilini ya kuziba kwa joto, zote zimegandishwa pamoja. Kwa chakula ni ukuta mzuri. Kwa mazingira ni msiba, kwa sababu tabaka hizo hazitenganishwi tena kwa gharama inayolipa, na hakuna muokota taka atakayeinama kuiokota. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa katika taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa zilikuwa asilimia 9 tu. Pakiti za tabaka nyingi ni miongoni mwa zinazoishusha namba hiyo.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Korosho iliyoharibika imebeba shamba, dawa ya salfa iliyonyunyizwa, jasho la mbanguaji na mafuta ya lori. Ukipunguza nailoni gramu chache ukaharibu robo kilo ya korosho, umeongeza hasara kwa mkulima na kwa dunia. Kwa hiyo swali la "plastiki ibadilishwe na nini" halina jibu moja, na anayekupa jibu moja anakuuzia kitu. Swali linalojibika ni hili: chakula gani, kikae siku ngapi, na kifungashio chake kitaishia wapi?

Kilichopigwa marufuku na kilichobaki

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Neno "kubebea" ndilo la kushika. Kanuni ziliilenga rambo, mfuko wa kutoka nao dukani, na ziliacha vifungashio vya bidhaa za viwandani, kilimo, dawa na usindikaji wa chakula. Kwa maana hiyo korosho, ubuyu na karanga ziliendelea kufungwa kwenye nailoni kihalali, na ulikuwa uamuzi wa busara kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Tatizo lilikuja kwa mlango wa nyuma: nailoni nyepesi zilizoruhusiwa kufungashia zikaanza kubebea nyanya na dagaa sokoni, mpaka serikali ikalazimika mwaka 2021 kurudi na makatazo juu ya vifungashio visivyokidhi masharti.

Je, ile mifuko mbadala ya rangi iliyoshika nafasi ya rambo, inayofanana na kitambaa? Ni polipropilini, plastiki ya jamii moja na ya salfeti, ila haikufumwa, nyuzi zake zimegandishwa tu. Masharti yanataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba ili idumu na itumike tena na tena. Ikitumika hivyo inasaidia sana. Ikinunuliwa kila safari ya sokoni na kutupwa, tumetupa plastiki nzito zaidi ya ile ya zamani. Wachunguzi wa Denmark walipiga hesabu ya namna hiyo mwaka 2018: mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika mara 52 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko mmoja wa nailoni, na mara 7,100 ukijumlisha madhara yote waliyoyapima. Pamba haina ubaya. Kinachookoa ni kurudia kutumia, kuliko jina la malighafi.

Maneno ya kwenye lebo

Mtu akikuletea kifungashio kilichoandikwa "rafiki wa mazingira", muulize maswali mawili na usiyachanganye: kimetengenezwa kwa nini, na kinaoza vipi? Plastiki inaweza kutengenezwa kwa miwa na isioze kamwe. Polietilini ya ethanoli ya miwa kutoka Brazil ni polietilini ileile, itakaa ardhini sawa na ya mafuta ya petroli. Na kinyume chake kipo: kuna plastiki za petroli zilizoundwa ili zioze.

Inayotangazwa zaidi ni PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa. Vikombe angavu na vijiko vingi vinavyoitwa vya kuoza ni PLA. Inaoza kweli, lakini kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa mfululizo. Ukiitupa pembeni mwa barabara ya Masasi, au ikasombwa na mvua mpaka ghuba ya Mikindani, itakaa kwa miaka mingi kama plastiki nyingine. Kuileta mahali pasipo na mtambo huo ni kulipia zaidi kwa tabia ileile.

Mbaya zaidi ni zile zinazodai "kuvunjika zenyewe" kwa sababu zimetiwa chumvi za madini. Zinavunjika kweli, vipande vidogo visivyookoteka, na samaki anavimeza. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Kwetu sisi tunaokula pweza na changu wa maji yetu wenyewe, sioni sababu ya kuzivumilia hata siku moja.

Karatasi nayo ina siri zake. Kikombe cha karatasi cha chai hakivuji kwa sababu ndani kimepakwa plastiki. Karatasi isiyopenya mafuta kwa miaka mingi ilitiwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo haziozi na zinabaki mwilini; Denmark ilizizuia kwenye karatasi za chakula mwaka 2020. Na gazeti la kufungia vitumbua na samaki wa kukaanga? Wino wa gazeti una mafuta ya madini yanayohamia kwenye chakula, haraka zaidi chakula kikiwa cha moto na chenye mafuta. Mamlaka ya chakula ya India iliwaonya wananchi wake mwaka 2016 kuacha kabisa. Karatasi za mitihani ya shule zina wino vilevile, na vifuko vilivyokatwa kwenye mfuko wa saruji uliokung'utwa havifai kabisa kukaribia chakula. Kaki safi, isiyo na maandishi ndani, ndiyo ya chakula.

Hata gunia la juti lina sharti lake. Nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na yakiwa ya petroli huacha harufu na mabaki kwenye chakula. Ndiyo maana magunia ya kakao, kahawa na karanga zilizobanguliwa yana kiwango chake cha kimataifa kinachoyawekea mipaka mabaki hayo. Na hapa siwezi kujizuia kusema: Lindi kuna mashamba ya mkonge pale Kikwetu, nchi hii iliwahi kuongoza dunia kwa katani, na bado msimu wa korosho unategemea magunia ya juti yanayovuka bahari kutoka Asia.

Chakula cha leo kinaweza kuiacha plastiki leo

Chakula kinacholiwa ndani ya saa chache hakihitaji ukuta wa oksijeni. Kinahitaji kitu cha kukishika, kukikinga vumbi na nzi, na kuhifadhi joto kidogo. Ming'oko, vile viazi pori vya kusini, iliyochemshwa na kutiwa chumvi na pilipili, vitumbua, mihogo ya kukaanga, pweza wa vipande jioni pale Feri ya Mtwara: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji nailoni. Na hapa ndipo tunapoitumia kwa wingi na kwa hatari zaidi, kwa sababu supu ya moto kwenye nailoni nyembamba ni njia ya wazi ya kuzihamisha kemikali za plastiki kwenda tumboni. Joto na mafuta ndivyo vinavyozing'oa.

Jani la mgomba likibabuliwa kidogo juu ya moto linalainika bila kupasuka, na nta yake ya asili inazuia maji na mafuta. Linafaa kwa ming'oko, kwa samaki wa kuchoma, kwa mkate wa mchele. Sharti ni usafi: lioshwe kwa maji safi, lipite motoni, litumike siku ileile. Pakacha la makuti limebeba samaki na madafu katika pwani hii kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu, na likichakaa linakwenda shambani. Tenga vilevile. Kawa ya ukili juu ya sinia la maandazi inafanya kazi ya ule utando wa plastiki, tena inaachia mvuke ili maandazi yasitote.

Sisemi mama lishe arudi kwenye pakacha kwa kila kitu. Majani ya mgomba hayapatikani kirahisi Mtwara mjini kama yanavyopatikana kule kwenye mabonde ya mito, na mteja anayetoka kazini anataka kitu kisichovuja kwenye pikipiki. Kwa huyo jibu ni chombo chake mwenyewe. Hotpoti, deli dogo lenye mfuniko, kopo la chuma: mteja aliyezoea kuja na chombo anampunguzia mama lishe gharama ya vifungashio, ambayo kwa sahani ya bei ndogo si ya kupuuza. Nimeona wauzaji wanaompa mteja wa namna hiyo kipande cha ziada, na wanafanya biashara nzuri. Halmashauri inaweza kulisukuma hili kwa jambo dogo sana: maji ya bomba na sehemu ya kuoshea vyombo kwenye kila soko la chakula. Sahani za kuoshwa zilipotea vibandani kwa sababu maji ya kuoshea hayapo karibu, na plastiki ikaja kuziba pengo la maji.

Mfumo wa kurudisha tunao tayari, na unafanya kazi mpaka vijijini. Soda ya chupa ya kioo inauzwa na chupa inarudi. Huna chupa, unaacha pesa ya amana au unainywea pale pale dukani. Kreti tupu inarudi kwa wakala, inaoshwa, inajazwa tena. Hakuna aliyehitaji semina. Kama amana inaweza kuirudisha chupa kutoka Nanyumbu, inaweza kurudisha mtungi wa asali ya Liwale, chupa ya juisi ya mabibo, hata kopo la siagi ya korosho, ikiwa wasindikaji watakubaliana chupa ya umbo moja ili yeyote aweze kuijaza. Kikwazo ni kioo chenyewe: kinaletwa kwa lori kutoka mbali, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Chupa ya kutumika mara moja kwa umbali huo inapoteza faida yake. Inayorudi mara nyingi inailipia safari.

Korosho, na kile kinachoota majini

Kwa chakula cha kukaa miezi, nitakuwa mkweli kwa wabanguaji wadogo. Korosho ya kwenda ng'ambo tayari ina njia zake: bati, au mifuko mizito iliyoondolewa hewa na kujazwa naitrojeni au kaboni dayoksaidi, ndani ya boksi. Kikundi cha kina mama Masasi hakiwezi bei hiyo kwa pakiti ya gramu 100. Ushauri wangu kwao ni wa hatua mbili. Wanaouza sokoni na madukani wauze kwa kupima kutoka kwenye bati kubwa lenye mfuniko unaobana, mteja aje na chupa au achukue kaki, kwa kuwa ataila ndani ya siku chache. Wanaouza safarini wabaki na plastiki, lakini iwe polietilini tupu, nene, bila alumini na bila kubandikwa plastiki ya aina nyingine, kwa sababu hiyo ina mnunuzi wa kuirejeleza. Stendi ya mabasi ni mahali pazuri pa kuikusanya: abiria wengi wanaifungua na kuimaliza kabla basi halijafika kituo kinachofuata, na gari lenye mfuko wa taka unaoshushwa stendi haliitupi dirishani.

Kinachonipa matumaini makubwa kiko baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikafika pwani ya kusini, na leo kina mama wa Kilwa, Lindi na Mtwara wanafunga vipando kwenye kamba maji yakitoka. Wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi lakini joto la maji limekuwa likiiua. Zote mbili zinauzwa zikiwa kavu, kwa ajili ya karajinani, kile kiungo cha kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Karajinani hiyohiyo ikiyeyushwa kwa maji ya moto, ikachanganywa na gliserini kidogo ili isikatike, kisha ikatandazwa na kukaushwa, inakuwa utando angavu unaolika na unaooza kwenye udongo wa kawaida bila mtambo wowote. Wanga wa mihogo nao unafanya hivyo, na Bali nchini Indonesia kuna kampuni iliyotengeneza mifuko kwa wanga huo. Lakini mihogo ni ugali wetu, na mvua zikikosekana sitaki kuona kiwanda cha mifuko kinashindania makopa na sufuria. Mwani haumnyang'anyi mtu shamba wala maji ya kunywa.

Udhaifu wake unaujua tayari: maji. Utando wa mwani peke yake hautailinda korosho hadi Machi kwenye hewa ya Lindi. Ila unazuia mafuta vizuri mno, na hapo ndipo kazi yake ya kwanza ilipo. London kuna kampuni inayoitwa Notpla ambayo mwaka 2019 iligawa vinywaji kwenye vifuko vya mwani kwa wakimbiaji wa marathoni ya jiji hilo, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Earthshot. Wao hutumia mwani wa kahawia wa bahari baridi, na bidhaa yao inayouzika ni boksi la karatasi la chakula lililopakwa mwani ndani badala ya plastiki.

Boksi la chipsi na samaki linahitaji kushika mafuta kwa saa moja au mbili tu. Hiyo ndiyo kazi inayolingana na mwani wetu, na haihitaji mashine za ajabu kuanza kuijaribu: sufuria kubwa, maji safi, joto la kutosha na mtu wa maabara wa kupima. Mtwara ina SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa wasindikaji wadogo, ina watafiti wa chakula pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanaofanya kazi na mabibo, na ina gesi inayosafishwa Madimba, hatua chache kutoka pwani ileile. Kwa sasa mwani unaondoka kwenye marobota ukiwa mkavu, na karajinani inachujwa na kuuzwa na wengine. Kikundi kimoja cha wakulima, fundi mmoja wa maboksi ya kaki na maabara moja wanatosha kujua, ndani ya msimu mmoja, kama boksi la namna hiyo linaweza kubeba samaki wa Feri bila kuvuja, na kwa bei ambayo muuza chipsi ataikubali.